Mwaka Niliosimuliwa na Mwanangu

Neno la kwanza kunishinda lilikuwa "kuku".

Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la pili, katika shule ya Rahaleo ambako nilikuwa nimefundisha kusoma na kuandika kwa miaka kumi na tisa. Nilishaandika "ku" ubaoni. Watoto wakasubiri, nami nikasubiri. Chaki iko mkononi, mkono uko hewani, na kilichotakiwa kufuata hakipo. Si kwamba nilikuwa nimekisahau kama mtu anavyosahau alipoweka ufunguo. Hakikuwepo kabisa. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akaniambia kwa huruma, "Mwalimu, ongeza ku nyingine." Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikatoka, nikakaa kwenye kizingiti cha stoo ya majembe na kulia.

Jina langu ni Somoe. Nina miaka arobaini na saba. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa naumwa, binti yangu hakupata hata mtu mmoja hapa Mtwara wa kumwambia, "Nimewahi kuona ugonjwa kama huu." Upweke ule ulimtafuna yeye kuliko ulivyonitafuna mimi. Sitaeleza mambo ya kitabibu, siyajui. Wala sitaeleza kwa upole. Upole wangu juu ya mambo haya umekwisha.

Mwili ulikuwa umeshaanza kuniambia mapema. Msimu wa mabibo ulikuwa unaelekea mwisho, joto la kutisha, walimu wenzangu wanajipepea kwa madaftari ya watoto, na mimi nimevaa sweta. Sauti ikawa nzito, nikipiga simu watu wananiita kaka. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Shingo ikajaa mpaka mkufu wangu wa harusi ukawa haufungi. Mume wangu, Athumani, anayeendesha mtambo wa kunyanyua makontena bandarini, alisema nimenenepa kwa raha. Nikaamini. Nani asiyependa kuambiwa ana raha?

Zahanati ya kwanza walisema malaria. Ya pili wakasema taifodi. Ya tatu, tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na tulipoingia yule tabibu alimtazama Athumani badala ya kunitazama mimi.

"Mzee, mama huyu anaingia umri wa kukoma hedhi," alisema. "Wengine huchanganyikiwa kidogo. Mvumilie."

Athumani alinivumilia miezi minne.

Mvua zilipokolea nilianza kuyumba nikitembea. Mkono ukawa unaruka wenyewe, kikombe kinamwagika na mimi natazama kama mtu wa pembeni. Shuleni ikapita habari kwamba Mwalimu Somoe siku hizi anakunywa gongo. Mimi, ambaye hata togwa iliyolala sinywi. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akafunga mlango, akawa anapanga upya kalamu zake mezani.

"Mwalimu, kapumzike nyumbani kidogo. Ukipata nafuu utatuambia."

"Mimi siumwi," nilimjibu.

"Umevaa viatu viwili tofauti, Mwalimu."

Nikatazama chini. Kweli. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoikumbuka kwa mpangilio. Yaliyofuata, karibu mwaka mzima, nimesimuliwa.

Aliyenisimulia ni Mariamu, binti yangu mkubwa, wakati huo akiwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi huko Masasi. Alikuja likizo ya wiki tatu, hakurudi. Kwa kuwa chuoni walimfundisha kuandika hali ya mgonjwa, aliniandikia daftari. Ninalo hapa. "Leo Mama amesali adhuhuri rakaa saba." "Leo ametia chumvi kwenye chai, akainywa yote." "Leo amenisalimia shikamoo, akaniuliza mimi ni mgeni wa nani." Kuna kurasa ameandika neno moja tu: "Mzima." Ndiyo hila ya ugonjwa huu, haukai mahali pamoja. Siku mbili nzima nilikuwa napika, nasuka ukili, nauliza habari za watu kwa majina yao. Siku ya tatu sijui choo kiko wapi. Basi majirani wakasema najifanya. Walisema nimechoka kazi ya serikali, nataka kustaafu kwa kujitia wazimu.

Kuna ukurasa umechanwa. Mariamu aliuchana ili nisiuone, lakini mambo ya aina hiyo hayachaniki. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nuru, mtoto wangu wa mwisho, wakati huo ana miaka minane, aliingia kutoka shule akaja kunikumbatia kwa nyuma kama alivyozoea. Mimi nikamwona mwizi. Mariamu anasema nilipiga kelele, "Huyu nani? Mtoeni!" nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Akaangukia meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Alishonwa juu ya nyusi. Anasema nilipoona damu niliuliza mtoto huyo ni wa nani, na kwa nini mama yake amemwachia achezee vitu vya chuma.

Kesho yake Athumani akamchukua Nuru, akampeleka kwa dada yake mtaa wa Chuno. Na yeye mwenyewe akawa analala huko.

Mama yangu alipopata habari alikuja kunichukua. Mama anaishi kijijini, karibu na Kilambo, kule Ruvuma unakoingia baharini. Ulikuwa wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kila mti umepakwa vumbi la njano. Mama hakuwa na shaka hata chembe juu ya ugonjwa wangu.

"Ntu akishika chaki miaka yote hiyo bila kuumwa kichwa, leo aumwe ghafla?" alimwambia Mariamu. "Kuna ntu kamfunga, n'jukuu wangu. Tumfungue."

Akamleta fundi kutoka ng'ambo ya mto. Walinifukiza chini ya blanketi mpaka nikazimia. Walinichanja chale kifuani na kwenye paji la uso, na mpaka leo nikijitazama kwenye kioo nazisoma. Kwa siku saba nilipelekwa kuoga mahali maji ya mto yanapokutana na maji ya chumvi, katikati ya mikoko. Mariamu alikuwa akisimama na mti mrefu mkononi, anaangalia mamba. Nilipomwuliza baadaye kwa nini alikubali, alinijibu kwa hasira, "Nikatae kwa sababu gani, Mama? Hospitali walikuwa wamesema nini cha maana?"

Sina ugomvi na mama yangu. Kila asubuhi alikuwa akinilisha ming'oko, ile mizizi ya porini, kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, ananisubiri nitafune. Hakuna daktari aliyenisubiri nitafune.

Tukiwa huko kijijini ndipo ilipokuja barua. Athumani aliniacha kwa talaka moja, iliyoandikwa vizuri, yenye mashahidi wawili, akampelekea mjomba wangu kama heshima inavyotaka. Mjomba akaisoma mbele yangu. Mariamu anasema nilisikiliza kwa makini, nikaitikia "Inshallah", kisha nikauliza, "Baba Mariamu anakuja lini?"

Nikawa nauliza kila siku. Mara ya kwanza Mariamu aliniambia ukweli: Baba amekuacha. Nililia kama mtu aliyefiwa, sikula. Kesho yake nimesahau, nauliza tena, ananiambia, nalia upya, machozi mapya, kwa talaka ileile. Mara nne alinifanyia hivyo. Mara ya tano alisema, "Yuko zamu bandarini, Mama." Nikatabasamu, nikala. Tangu siku hiyo Athumani akawa zamu, mwezi hata mwezi. Eda yangu ikaanza na kwisha sina habari. Kule Chuno alishaoa, binti mmoja anaitwa Salma, mshonaji. Mimi bado namwekea chakula chini ya kawa.

Tuliporudi mjini Mariamu alinipeleka kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Wakasema huu ni wazimu tu, nikapewa sindano za kunituliza. Nilitulia kweli. Daftari linasema nililala siku tatu, mate yananitoka, ulimi mzito. Dada mmoja wa hapo alimwambia Mariamu, "Unaona? Hakusumbui tena." Mariamu aliandika sentensi hiyo akaipigia mstari.

Embe zilipoanza kuiva nilianguka uani, mwili mzima ukatikisika, nikajing'ata ulimi. Majirani wakanibeba kwenye bajaji mpaka hospitali ya mkoa. Na hapo, baada ya miezi yote hiyo, zikatokea dakika mbili nzuri.

Alikuwepo daktari wa kike, mdogo, pengine hata miaka thelathini hajafika. Hakuanza na maswali. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaweka vidole vyake shingoni pangu, akaniambia nimeze mate. Nikameza. Akaniambia tena.

"Hili rovu lina muda gani?" akauliza.

"Rovu gani?" Mariamu akamjibu. "Mama si amenenepa tu?"

"Hajanenepa. Tezi ya shingo imevimba. Hamjawahi kupima damu kwa ajili ya tezi?"

"Hakuna aliyewahi kutuambia."

Daktari akaandika kipimo kwenye karatasi, akiikandamiza kalamu. Mariamu anasema aliona amekasirika, na kwamba hilo lilimfariji kuliko dawa. Kwa mara ya kwanza kuna mtu mwingine aliyekasirika.

Damu ikatolewa, nyingine ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yalipokuja tukapewa rufaa. Sikumbuki safari. Nakumbuka vipande vya hospitali ile kubwa, kama picha zilizochanwa: korido ndefu yenye viti vya chuma, mzee aliyekuwa akihesabu vidole vyake na kukosa hesabu, mashine ya kupiga picha ya kichwa inayogonga kama fundi bati, mtu akiniambia nijikunje kama mtoto wa tumboni wakati wananichukua maji ya uti wa mgongo. Tulikuwa tunaingia kwenye korido ile saa kumi na mbili asubuhi na kuitwa mchana. Mariamu alijifunza kwenda chooni haraka, maana akichelewa jina langu linaitwa, na mimi mwenyewe nisingeitika. Nilikuwa silitambui.

Siku ya majibu, daktari bingwa alimwambia Mariamu maneno ambayo ameyaandika yote.

"Kinga ya mwili wa mama yako inaishambulia tezi yake. Hilo nina hakika nalo. Sasa, huku kupotea kwa akili, huenda kunatokana na jambo hilohilo. Huenda. Siwezi kukuapia. Ipo dawa kali ya kutuliza kinga hiyo. Tukimpa na akapata nafuu, tutajua tulikuwa njiani. Asipopata, basi huenda ni ule usahaulifu usio na dawa."

"Mpeni," Mariamu akasema.

"Huulizi madhara yake kwanza?"

"Dokta, niulize madhara gani zaidi ya haya?"

Dripu siku tano. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu, ila sikulala, nikawa naongea bila kukoma. Siku ya nne asubuhi Mariamu alikuwa ananinywesha uji, uji mtamu kupita kiasi. Hapa nakumbuka mwenyewe, sihitaji daftari. Ukutani mbele yangu palikuwa na maandishi mekundu. Nikayatazama. Nikaanza kama ninavyowafundisha watoto, silabi kwa silabi.

"U-si-te-me ma-te."

Kijiko kikabaki hewani.

"Umesema nini, Mama?"

"Usiteme mate. Imeandikwa pale. Na huu uji umeutia sukari nyingi, Mariamu, hujui kupika uji mpaka leo?"

Mwanangu akaweka bakuli chini, akaondoka. Alirudi baada ya muda, macho mekundu, akanifuta mdomo. Watu wengine wanadai kumbukumbu yao ya kwanza ni ya kitu kizuri. Yangu ni amri ya kutotema mate, na sijawahi kuona maandishi mazuri kama hayo.

Jioni ileile niliuliza, "Baba yako yuko wapi?"

Akanitazama muda mrefu. Nikaona anapima kama mimi ni yule wa kudanganywa au huyu wa kuambiwa. Kabla hajafungua kinywa nikasema, "Ameniacha." Sijui nililijulia wapi. Labda machozi yale manne yalibaki mahali fulani. Akaitikia kwa kichwa. Nikalia mara ya tano, na hii ndiyo peke yake ninayoikumbuka.

Tulirudi Mtwara mvua zimeanza. Nilikuwa na akili, lakini mwili haukuwa wangu. Vidonge vile, ambavyo vilitakiwa kupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, vilinifanya uso uwe wa duara kama sinia, mashavu yanasukuma macho. Nikaota ndevu kidevuni. Tumbo likatangulia mbele. Njaa niliyoisikia sijawahi kuisikia hata katika Ramadhani ya utotoni. Nilikula ukoko mkavu wa sufuria nikiwa nimesimama. Niliyekuwa naye shuleni miaka kumi alinipita sokoni bila kunisalimu. Nikamwita kwa jina. Akasema, "Ah, Mwalimu, nimekusahau!" Nilicheka peke yangu njia nzima.

Na hapa inabidi niseme kosa langu, maana nimeshasema ya wengine.

Idd ilikuwa inakaribia, na Athumani alikubali niende Chuno kumwona Nuru. Tangu ile siku ya nazi mtoto alikuwa hajaniona. Nikajitazama kwenye kioo. Nikawaza: alimwacha mama mwenye uso wake, leo aje huyu? Nikaacha vidonge. Sikumwambia Mariamu. Nilikuwa navitoa kila asubuhi mbele yake, naviweka mdomoni, navitema msalani. Nilitaka wiki tatu tu, uso upungue.

Siku ya Idd nilisimama nje ya nyumba ya Athumani nimevaa kanga mpya. Nakumbuka geti la bati la buluu. Nakumbuka Nuru ametoka na gauni la njano, amerefuka, ana kovu juu ya nyusi. Baada ya hapo nimesimuliwa tena. Nilimwita kwa jina la dada yangu aliyekufa tukiwa wadogo. Nilimwambia aondoke mtoni, mamba watamla. Nikaanza kumvuta mkono. Akapiga kelele. Majirani wote wa Chuno, katika nguo zao za sikukuu, waliona Athumani akinibandua vidole kwa mtoto kimoja kimoja.

Nikarudishwa kwenye dripu. Siku tano nyingine. Akili ikarudi tena, polepole kuliko mara ya kwanza, na safari hii haikurudi yote. Mpaka leo namba za simu hazikai kichwani, na nikichoka maneno yanachelewa. Yule daktari wetu kijana alinikemea kama mtoto.

"Mwalimu, uso ungerudi wenyewe. Ungerudi! Ulikuwa umebakiza miezi tu."

Kama unameza vidonge hivi na unausoma ukurasa huu, usiviache kwa sababu ya kioo. Punguza pale daktari anapokwambia upunguze. Mimi nilimbadilisha mwanangu kwa mashavu, na hata mashavu yenyewe sikuyapata.

Salfa ilipokuwa inapulizwa tena, nilikwenda ustawi wa jamii kuomba Nuru arudi kwangu. Nilikuwa na barua ya daktari bingwa. Niliiweka kwenye bahasha ya kaki, nikaishika kwa mikono miwili kama watoto wanavyoshika vyeti. Afisa, mama mtu mzima mwenye miwani, aliisoma kwa sauti. Athumani alikuwa amekaa upande wa pili, amekonda. Hakunitazama.

"Naomba mama arudie pale," alisema. "Mstari wa mwisho."

Afisa akarudia: "Huenda hali yake ya akili ilitokana na maradhi ya tezi, na huenda ikajirudia endapo matibabu yatakatizwa."

"Huenda na huenda," Athumani akasema. "Mimi simchukii Mama Mariamu. Tumezaa naye. Lakini mtoto wangu ana kovu, na siku ya Idd nimeona kwa macho yangu. Nikimrudisha akaumia tena, nitajitetea kwa huenda?"

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema: wewe uliapa kuniuguza au kuniacha? Nilikuwa na maneno mengi. Lakini nilikuwa nimechoka, na nikichoka yanachelewa, na nilijua wakiona nayatafuta watasema, hayo, mnaona? Basi nikanyamaza. Nimeshafundisha watoto wengi waliopewa sifuri kwa kunyamaza wakati jibu wanalo.

Uamuzi ulikuwa huu: Nuru akae kwa baba yake. Mimi nimwone kila Jumamosi, saa tatu hadi saa sita, pawepo mtu mzima mwenye akili timamu. Mariamu akasema atakuwepo yeye. Nikatia sahihi. Afisa aliniangalia ninavyoandika jina langu, kama vile naye alikuwa na mashaka kama nitalimaliza.

Zikapita Jumamosi kumi na moja nyumbani kwangu Rahaleo. Nuru alikuwa akikaa ubavuni kwa Mariamu, mbali na mimi, anajibu nikimwuliza. Hakuja jikoni hata mara moja.

Kwenye kliniki, miezi ile, nilikutana na mwanamke kutoka Newala aliyemleta baba yake. Mzee alikuwa anavua shati na kulivaa, anavua na kulivaa. Nikamsimulia yangu, nikamwambia adai kipimo cha damu cha tezi. Alifurahi, alinishika mikono. Mwezi uliofuata nilimkuta benchi lilelile. "Hana kitu," aliniambia. "Shingo yake safi. Wamesema ni ule usio na dawa." Alinitazama kama niliyemchukulia zamu yake. Kwa hiyo nawaambia ninyi kama ninavyoweza: si kila anayesahau ana ugonjwa wangu. Wengi hawana. Lakini mwambieni daktari aguse shingo. Ombeni kipimo. Mkiambiwa ni umri, ombeni tena. Mkiambiwa ni wazimu, ombeni tena.

Korosho zilipoanza kudondoka, chuo cha Masasi kikampigia Mariamu simu. Walikuwa tayari kumpokea arudie mwaka wa pili, ila afike kabla ya Jumatatu; nafasi hiyo haitakuwepo tena. Hakuniambia. Nililisikia kwa jirani aliyemsikia akikataa.

"Umekataa kwa ajili gani?" nilimwuliza.

"Jumamosi, Mama. Nani atakaa? Bibi, Baba hamtaki kwa sababu ya yule fundi. Wengine wote wanakuogopa. Nikiondoka humwoni Nuru."

Alikuwa anafua, hakuinua uso. Nikaona mikono yake. Ana miaka ishirini na mbili, na mikono yake ni ya mtu wa umri wangu.

"Wapigie," nikasema. "Waambie unakuja."

"Mama..."

"Nimekuchukulia mwaka wako mzima, na mimi sikuwepo hata kuutumia. Wapigie sasa hivi, nikusikie."

Jumapili nilimsindikiza stendi. Alinipa orodha ya dawa, akanifanya niisome kwa sauti mara mbili mbele ya abiria. Basi lilipoondoka sikurudi nyumbani. Nilitembea kwa miguu mpaka Chuno, kwenda kumwambia Nuru kwamba Jumamosi zetu zimekwisha, kabla hajaambiwa na mwingine kwamba mama hataki.

Athumani alikuwa kazini, zamu ya kweli. Aliyefungua geti ni Salma. Ni mdogo kuliko nilivyomtengeneza kichwani, ana sindano imechomekwa kwenye kanga kifuani. Nikamweleza nikiwa nimesimama nje palepale. Nilieleza vibaya, maneno yalichelewa. Hakunimalizia hata moja, alisubiri.

"Dada, wamesema lazima awe Mariamu?" akauliza.

"Wamesema mtu mzima mwenye akili timamu."

"Basi njoo hapa. Nitakaa mimi. Baba Mariamu nitazungumza naye."

Nilimchukia sana wakati ule kuliko siku zote nilipokuwa simjui. Nilitaka awe mwanamke mbaya, angalau nibaki na hilo. Nikamwambia, "Ahsante, mdogo wangu," na neno likatoka zima.

Sasa zimepita Jumamosi saba. Naenda Chuno saa tatu. Salma hutandika mkeka barazani, hukaa pembeni na cherehani yake, hashoni, anatuangalia, kwa sababu ndiyo kazi aliyokubali na anaifanya vizuri. Mimi na Nuru tunasoma kitabu chake cha shule. Mume wangu wa zamani hupita, hutoa salamu, huingia ndani. Nikimaliza napewa chai, na mwenye nyumba ndiye anayenitilia sukari.

Lakini kabla ya yote hayo, kila Jumamosi, Nuru ndiye anayekuja getini. Hulifungua kidogo tu, upana wa uso wake, nami nainama mpaka kovu liwe usawa wa macho yangu. Hanisalimu. Huniuliza kwanza.

"Mimi nani?"

"Wewe ni Nuru Athumani. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Hunitazama machoni, huku na huku, anakagua. Jana alikagua muda mrefu. Kisha akasogea pembeni, nikapita.